Pikap mpya imefika milioni 4.4. Sisi wa kubeba waru (viazi) tununue wapi?

WaruZaMauNarok

Hamjambo wadau. Mimi ni mama mkulima, nalima waru Mau Narok na nyingine nanunua kwa majirani, nazipeleka Nakuru soko la Wakulima. Gari nakodi. Mwenyewe hunitoza shilingi 180 kwa gunia la kilo 50, na mvua ikianza anapandisha hadi 250, tena kwa kubembelezwa. Mwezi uliopita alipata mzigo wa kabeji akaniacha. Magunia yakalala kando ya barabara chini ya turubai lililotoboka. Kesho yake mnunuzi alitia mkono kwenye gunia la kwanza, akautoa na tope, akakata bei ya mzigo mzima. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hivyo nataka gari langu. Nilishuka mjini nikauliza pikap mpya, kebini moja, dizeli, isiyo four-wheel. Karatasi niliyopewa inasema milioni 4.4, na hiyo ni kabla ya bima na kabla ya kuchomelewa vyuma vya bodi. Shemeji yangu alinunua ya aina hiyo mwaka 2019 kwa milioni tatu na kidogo. Muuzaji anasema ni dola. Sawa, lakini dola ilifika karibu shilingi 160 Januari 2024, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu 129. Mbona bei ya gari haikurudi nayo?

Nina akiba ya laki tisa kwenye Sacco. Benki inasema itanipa asilimia 80 kwa miaka mitano. Nichukue mpya, au kuna mahali mtu hupata pikap nzuri kwa bei ya mkulima? Probox msinitajie. Shamba langu liko ng'ambo ya bonde, na njia yake mwezi wa nne hata trekta hukwama.

KaratasiZaMkopo (Kisumu)

Pole sana mama. Nilishughulika na mikopo ya magari benki hapa Kisumu hadi nikastaafu, kwa hivyo niruhusu nianze na hesabu, gari baadaye.

Asilimia 80 ya milioni 4.4 ni milioni 3.52. Tuseme riba ni asilimia 16 kwa mwaka, miezi 60. Utalipa kama shilingi 85,600 kila mwezi, na riba peke yake itafika milioni 1.6. Sasa pikap ya tani moja inabeba magunia yako 20. Kwa bei unayolipa leo ya 180, safari moja inakuokolea 3,600. Unahitaji safari 24 kila mwezi kwa ajili ya benki tu, kabla hujatia dizeli, hujalipa dereva wala bima. Mwezi wa mavuno utazipata. Mwezi ambao waru ziko changa na jirani hana cha kuuza utazitoa wapi? Mkopo pimia mwezi huo wa njaa, usipimie Agosti au mwezi wowote ambao gunia linatembea.

Halafu hizo laki tisa. Akiba ya Sacco huchomoi ukaipeleka benki kama malipo ya kwanza. Ili uitoe inabidi ujiondoe uanachama, ungoje, na usiwe umemdhamini mtu. Ila inaweza kukukopea. Sacco nyingi hutoa hadi mara tatu ya akiba, kwa asilimia 12 kwa mwaka ya salio linalopungua, mradi uwe na wadhamini na mapato yanayoonekana. Ukikopa milioni 1.8 kwa miaka minne unalipa kama 47,400 kwa mwezi, na akiba yako inabaki palepale ikikuletea gawio. Ndiyo maana mimi ningekuelekeza kwenye gari la mkono wa pili, la milioni mbili kushuka chini.

Kama ni lazima iwe benki, omba malipo yafuate msimu: makubwa wakati wa mavuno, madogo wakati wa kungoja. Wako wanaowakubalia wakulima, lakini usipoomba hutaambiwa, na makubaliano yawe kwenye barua ya mkopo, si kwa mdomo wa afisa.

Kuhusu dola, bei ya shorumu hupanda siku ileile dola inapopanda. Kushuka hungoja mshindani mmoja ashushe kwanza. Riba angalau imesogea: Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13 Februari 2024, kisha ikaanza kukipunguza Agosti mwaka huo. Kwa hivyo ukipewa mfano wa mkopo wa mtu aliyekopa wakati ule, usijipimie nao.

MabatiMamboleo

Nitapinga kidogo. Nina duka la vifaa vya ujenzi na nilinunua mpya. Gari langu likilala kwa fundi siku mbili, wateja wa simiti wanaenda kwa jirani na hawarudi. Tena nimesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na pikap ya kebini moja ni gari la mizigo, kwa hivyo ile asilimia 16 niliidai nirudishiwe. Kwa karatasi yako ya milioni 4.4, hiyo ni karibu laki sita. Wewe waru mbichi hazitozwi VAT, kwa hivyo huna pa kuidai. Tunaandikiwa bei moja lakini wewe unalipa zaidi yangu, na hilo muuzaji hatakwambia.

Ukiamua mpya hata hivyo, ulizia mwezi wa Januari kama kuna iliyobaki uwanjani tangu mwaka uliopita, hapo watu hupunguziwa. Uliza bei ya Mahindra pia kabla hujaidharau, ila pita kwanza maduka ya spea Nakuru uone kama klachi na filta zake ziko kwenye rafu.

FundiShabab

Mama, gereji yangu iko Nakuru na pikap ndizo zinalipa karo ya watoto wangu. Za bei ya mkulima zipo. Haziko kwenye yadi zilizopanga magari yanayong'aa kando ya barabara, ziko kwa makampuni. Mashamba ya maua Naivasha, viwanda vya chai Kericho, viwanda vya sukari huko magharibi, wakandarasi wa barabara: wengi wao gari likifikisha miaka kadhaa wanaliuza na kuchukua jipya. Utakuta kebini moja nyeupe, bodi imekwaruzwa, viti vimechanika, lakini ina daftari la sevisi tangu siku ya kwanza. Hiyo ndiyo ya kwako. Wizara na kaunti nazo huuza magari yao kwa mnada wa hadhara, tangazo linatoka gazetini. Kuna pia yale yaliyochukuliwa na benki, yanauzwa na madalali. Hayo nayaogopa zaidi, kwa sababu mtu anayejua gari litachukuliwa habadilishi oili, na mnadani mara nyingi unawashiwa tu, huruhusiwi kuliendesha.

Ukiipata, nenda kuiona asubuhi mapema. Weka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, mwenyewe ameitangulia kuiwasha ili isikuonyeshe inavyosumbua ikiwa baridi, na hapo mwambie utarudi siku nyingine bila kumpigia simu. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili na ukilaze juu ya tundu lake. Moshi mwembamba si neno. Kifuniko kikirukaruka na moshi ukitoka kwa vishindo, nguvu ya injini inapitia pembeni mwa pistoni, achana nayo.

Kisha ulale chini kabisa, usione haya. Tochi mkononi, ufuate fremu kutoka nyuma ya kebini hadi pale springi za nyuma zinaposhikwa kwa mbele. Hapo ndipo mzigo hukatia. Pitisha vidole upande wa ndani, ambako wanaopaka rangi huwa hawafiki vizuri. Fremu ya kiwandani ni laini. Ukihisi mshono mnene wa kuchomelewa, au ukikuta rangi nyeusi mpya sehemu hiyo moja tu, gari hilo lilizidishiwa mzigo hadi likavunjika mgongo. Springi zilizoongezwa zisikutishe, huku kwetu karibu kila pikap ya kazi imeongezwa. Fremu iliyokatika ndiyo usiyoikubali hata upunguziwe laki tatu, maana ya kwako itapanda bonde na tani moja juu.

Isuzu D-Max zenye injini za 4JK1 na 4JJ1 hutumia cheni ya taiming. Toyota Hilux zenye injini ya 2KD hutumia mkanda, na mkanda una kilomita zake. Muuzaji asipokuonyesha risiti ya kuubadilisha, kata gharama hiyo kwenye bei.

Na karatasi: tafuta namba ya gari kwenye NTSA (mamlaka inayosajili magari) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone jina la mwenye gari ni lile lile la anayekuuzia. Wengi huishia hapo. Wewe endelea, utafute pia kwenye sajili ya dhamana za mali inayohamishika, ile iliyoanzishwa na sheria ya 2017. Gari linaweza kuwa dhamana ya mkopo wa mtu na bado ukaonyeshwa logbook (hati ya umiliki).

KanduyiStage

Fundi, na kuagiza nje je? Hapa Bungoma kila mtu anasema Japan pikap ni rahisi.

FundiShabab

Ndugu, gari ndogo ndiyo. Pikap ya kazi hapana. Toyota iliacha kuuza Hilux kwao Japan mwaka 2004, ikairudisha 2017, na iliyorudi ni ya kebini mbili, inatengenezwa Thailand. Kwa sheria yetu gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo kebini moja ya dizeli ya kutoka Japan hutaipata kirahisi. Thailand ziko tele na usukani ni wa kulia kama wetu. Lakini KEBS (shirika la viwango) wanataka likaguliwe kabla halijapanda meli, na KRA (mamlaka ya mapato) hawahesabu kodi kwa risiti yako, wanatumia orodha yao ya bei za magari mapya halafu wanapunguza kwa umri. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT, ada ya reli, vyote vinapandia juu ya hesabu hiyo. Zinazounganishwa humu nchini hazina ule ushuru wa bidhaa. Za Uingereza nimetengeneza kadhaa. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu, na ukiingia chini unakuta kutu imekula mabomba ya breki.

WaruZaMauNarok

Asanteni sana, mmenifungua. Sikujua habari ya akiba ya Sacco, nilikuwa nimekwishaihesabu kama pesa ya mkononi. Nimeongea na karani wetu na amethibitisha ni hivyo hivyo. Wadhamini ninao, ni wenzangu wa kikundi cha mbegu, na mimi nimewadhamini wawili wao ambao wamemaliza kulipa.

Kuna shamba la maua Naivasha limetangaza pikap tatu za kebini moja, za 2018, zabuni inafungwa mwisho wa mwezi. Moja ni four-wheel na wanatarajia laki mbili na nusu zaidi. Kwa bonde langu niiongezee hiyo pesa? Na fundi, unatoza ngapi kuja kuangalia?

FundiShabab

Kama unapita bondeni kila siku ya mvua, ongeza. Kama ni wiki chache tu za mwezi wa nne na wa tano, chukua ya kawaida, uweke tairi za matope nyuma na ubebe minyororo. Ikiwa na magunia juu ya ekseli ya nyuma inavuta vizuri kuliko ikiwa tupu. Kabla hujaamua, ulizia siku ngapi mwaka jana hukupita kabisa.

Nauli na chakula cha mchana vinatosha, ukinunua tutaongea. Ijumaa asubuhi niko huru. Waombe daftari za sevisi za zote tatu kabla hatujafika, na zabuni yako uandike kwa ile yenye daftari kamili hata kama rangi yake imepauka. Ukishinda, lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Mtu akikupa namba yake ya simu utume pesa, hata awe amevaa kitambulisho cha shamba, usitume.

KaratasiZaMkopo (Kisumu)

Naongeza moja: uliza kama barua ya Sacco ya kuonyesha mkopo umekubaliwa inatosha kuweka zabuni. Mshindi kwa kawaida hupewa siku chache tu za kulipa, na kamati za mikopo hukaa kwa ratiba zao. Peleka fomu wiki hii.