Wakuu naomba ushauri: hema la familia ya watu watano, asubuhi tunaamka tumelowa

Baba Watatu
Habari za muda huu wakuu. Nina familia ya watu watano, mimi na mama watoto na wanangu watatu, mkubwa ana miaka 11 na wa mwisho ana 4, na tumenogewa na hii habari ya kwenda kulala porini kwenye hema, watoto wanaiongelea kutwa. Sasa safari iliyopita tulitumia hema la kuazima limeandikwa la watu wanne, mvua haikunyesha hata tone, lakini kufika alfajiri dari lote limejaa matone, ukiligusa tu yanakudondokea, blanketi za upande wa ukutani zimelowa chapachapa na yule mdogo kaamka anatetemeka. Mama watoto kasema hatoki tena mpaka nipate hema lisilovuja. Nimeanza kutafuta la kwetu wenyewe ila nachanganyikiwa, kila hema lina namba zake, mara 1500 mara 3000, huyu anasema turubai yule anasema nailoni, kuna ya fito na kuna ya kujaza upepo. Hema gani halivuji? Na la ukubwa gani? Tunaenda na gari kwa hiyo uzito sio shida sana. Nielekezeni kama mtu asiyejua kitu.

Upepo wa Kusi
Mkuu chukua lililoandikwa 5000 kwenda juu umalize kazi, namba ikiwa kubwa maji hayapiti. Ukubwa chukua la watu sita.

fundi_turubai
Kaka Baba Watatu subiri kwanza usitoe hela, maana hata ukinunua hilo la 5000 utaamka umelowa vilevile. Hema lile halikuvuja. Umesema mwenyewe mvua haikuwepo, sasa maji yametoka wapi? Yametoka kwenu. Mtu akilala anapumua na ngozi inatoa jasho hata kama yeye halioni, watu watano usiku kucha mnatoa maji zaidi ya lita moja humo ndani, ule mvuke unapanda juu unakutana na kitambaa kilichopoa kwa baridi ya usiku, unageuka matone. Na hema likiwa dogo na limefungwa kila mahali ndo balaa zaidi.

Namna ya kujua ni rahisi. Hema linalovuja lina mahali pake, utakuta ni kwenye mshono, kwenye kona, pembeni ya zipu, na ukifuatilia utaona njia ya maji. Maji ya pumzi yenyewe yanatanda dari zima, hayachagui. Wewe umesema dari lote.

Kwa hiyo cha kutafuta kwanza ni hema la tabaka mbili. Ndani kuna hema lenyewe la kitambaa chepesi kinachopitisha hewa pamoja na neti, halafu juu yake linakuja kava la kuzuia mvua, na kati yao pawe na nafasi kiganja kipite bila kubana. Mvuke unapenya kile cha ndani unaenda kugandia kwenye kava, maji yanateremka nayo mpaka chini nje ya mahali mlipolala. Ila haya mambo yanafanya kazi kama kava halijagusana na la ndani, yakigusana tu maji yanahamia kwenu, ndo maana kukaza kamba ni lazima hata siku haina upepo. Pili angalia matundu ya hewa, yawepo ya juu NA ya chini. Hewa ya moto haiwezi kutoka juu kama ya baridi haina pa kuingilia chini. Na muyaache wazi usiku hata mvua ikinyesha, mazuri yana kofia juu yake maji hayaingii.

Hiyo namba sasa. Ni milimita za maji, maana yake kitambaa kinaweza kubeba maji yaliyosimama juu yake kimo hicho kabla hayajaanza kupenya. 1500 inatosha mvua ya kawaida, 3000 unalala bila wasiwasi, sakafu ndo inatakiwa iwe kubwa, 5000 hivi au zaidi, sababu ukipiga goti kwenye udongo uliolowa unakandamiza maji yapande. Lakini namba ni ya kitambaa tu, haisemi kitu kuhusu mishono, na sindano imeshatoboa pale. Geuza kava uangalie upande wa ndani, kila mshono uwe na utepe mwembamba umegandishwa juu yake. Hauna utepe? Rudisha dukani.

Upepo wa Kusi
Aisee hii ya pumzi mi nilikuwa siijui kabisa, asante fundi.

Baba Watatu
Mkuu umenifungua macho. Sasa tukiacha madirisha wazi huyu mdogo si ndo baridi itammaliza?

Mama Twiga
Baba Watatu pole na hongera kwa kuwatoa watoto. Nikujibu hapo kwenye baridi, baridi inayomtesa mtoto usiku inatoka chini, ardhi inanyonya joto lake usiku kucha. Weka godoro la povu au mkeka mnene chini yake kabla hujafikiria blanketi ya pili juu. Na blanketi iliyolowa inampoza kuliko hewa ya dirishani. Mvalishe nguo kavu za kulalia, sio zile alizokimbilia mchana maana zina jasho, na kofia kichwani, utaona analala fofofo.

Ukubwa nisikilize. Wakiandika watu sita wanapima bega kwa bega, kila mtu sentimita 60 hivi au pungufu, hakuna begi hakuna kiatu hakuna mtoto anayezunguka kama saa usiku. Watu watano nyie la sita ndo la kuanzia na kama mna mizigo chukua la wanane. Ila usiende kubwa kupitiliza, hema kubwa linashika upepo na kutafuta sehemu tambarare ya kulitosha ni kazi. Mi naangalia vitu viwili ambavyo hawavitangazi, milango miwili, ili mtoto akitaka kukojoa saa nane asikanyage watu wote, na kibaraza mbele chenye paa, hapo ndo viatu na nguo zilizolowa zinakaa. Ukiingiza vitu vilivyolowa ndani umejiongezea mvuke mwingine.

Mchana Kweupe
Kama baridi ni kali washeni jiko dogo la mkaa humo ndani robo saa kabla ya kulala, hema linapata joto safi kisha mnalitoa.

Mama Twiga
Hapana Mchana Kweupe, HAPANA, naomba hili kila anayesoma alione. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haimkohozeshi mtu, unasikia usingizi tu na hauamki. Hata makaa yaliyofifia yenye majivu juu yanaendelea kuitoa. Familia nzima zimekufa hivyo. Jiko la mkaa, la gesi, taa ya mafuta, hakuna hata kimoja kinaingia ndani ya hema wala kibarazani. Mbali na hiyo gesi vitambaa vya mahema mengi vinayeyuka vikishika moto na vinamwagikia mtu. Joto tafuta kwa maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri uivishe soksi, weka miguuni kwa mtoto.

Mchana Kweupe
Nimekuelewa dada, asante kwa kuliweka wazi.

Mpenda Milima
Niongezee kwenye fito na kitambaa. Fito za fibaglasi ndo utakazozikuta kwenye mahema mengi ya kawaida, zinafanya kazi ila zikizeeka zinachanika nyuzi nyuzi, zile nyuzi zinaingia kwenye kidole na zinatoboa kitambaa, na ufito ukivunjika unavunjika kabisa. Alumini inapinda kwanza, unainyoosha polepole unamalizia safari. Muombe muuzaji kile kibomba kifupi cha chuma cha kuvisha palipovunjika, ni kidogo kama kidole ila kikikosekana siku ya upepo utakitafuta.

Ya kujaza upepo ni mazuri kwa mwenye watoto, unapampu dakika chache limesimama, shida ni mzigo mkubwa na valvu ikizingua ule upande mzima unalala chini, kwa hiyo uwe na kiraka na ujue kubadilisha bomba la ndani kabla hujaenda nalo mbali. Turubai la pamba nalo nalipenda sana, linapumua lenyewe na mchana halichemki ndani kama la polista, kile kitambaa cha kiwandani kama nailoni, tena kwa shida ya Baba Watatu lingemfaa, ila ni zito na kulikausha ni siku nzima. Likiwa jipya unalimwagia maji mpaka liloe, unaliacha likauke, rudia, nyuzi zinavimba zinaziba vitobo vya sindano. Nailoni nayo ikilowa inalegea, ukiona kava linaning'inia usiku wa mvua toka ukaze kamba.

Baba Watatu
Naona naelekea kwenye polista ya tabaka mbili, la watu sita au nane, fito za alumini. Kusimamisha je? Lile la kuazima tulihangaika mpaka giza.

fundi_turubai
Lisimamishe kwanza nyumbani, uwanjani, pamoja na watoto. Sio kwa kujifunza tu, hapo ndo unagundua kigingi kimepungua au ufito una ufa, na mkubwa wako wa miaka 11 mpe kazi ya vigingi ni yake kabisa.

Mkifika eneo usitazame chini tu, tazama juu, tawi kavu halitoi taarifa. Usiweke kwenye bonde wala mkondo mkavu hata kama mchanga wake ni laini unavutia, mvua inaweza kunyesha mbali huko juu na maji yakakukuta umelala. Na bondeni kabisa ndo hewa baridi na unyevu vinapotulia usiku, panda juu kidogo utaona tofauti hata kwenye matone yako. Kama pana mteremko mdogo vichwa viwe juu. Mgongo wa hema au upande mwembamba uelekee upepo, mlango uwe kinyume.

Funga zipu za milango KABLA hujapigilia vigingi. Ukipigilia ikiwa wazi unalivuta hema linapinda, baadae ukija kufunga zipu inabana, watu wanaivuta kwa nguvu na meno yanaachia hapo hapo. Kigingi kiegemee nje, kichwa chake kiangalie mbali na hema, nyuzi 45 hivi, kamba ikivuta inakizamisha badala ya kuking'oa. Udongo wa mchanga vile vigingi vyembamba havishiki, jaza mfuko mchanga, funga kamba katikati yake, uuzike.

Upepo wa Kusi
Na ile turubai ya kutandika chini inasaidia kweli au ni kujaza mzigo?

Mpenda Milima
Mi situmii, naokota mawe na vijiti basi, sakafu ikiwa nzuri inatosha.

fundi_turubai
Mpenda Milima hapo sikubaliani na wewe, familia yenye watoto watatu sakafu inasuguliwa sana na kufua turubai ni rahisi kuliko kuziba sakafu. Ila iwe ndogo kuliko hema, ikitokeza nje hata sentimita chache inakinga mvua na kuyapeleka maji chini ya migongo yenu. Iliyotokeza ikunjie ndani kwa chini.

Mama Twiga
Na kutunza jamani, hema linafia stoo kuliko linavyofia porini. Mkirudi, hata kama mmechoka vipi, litoeni mfukoni siku hiyohiyo mlitandaze kwenye kamba penye kivuli na upepo likauke mpaka kwenye mishono. Likikaa na unyevu siku mbili tatu ukungu unaanza, na yale madoa meusi hayatoki. Kufua ni sponji, maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo, usitie kwenye mashine wala usitumie jiki. Kuhifadhi usilikandamize kwenye ule mfuko wake mdogo, liweke limelegea kwenye foronya kubwa. Jua kali nalo linakula kitambaa, kama mnakaa sehemu moja siku nyingi tafuteni kivuli.

Mpenda Milima
Fito ukizikunja anzia ya katikati uende pembeni, ule mpira wa ndani unavutika sawasawa. Ukianzia mwisho unauvuta upande mmoja, utakatika mapema.

Baba Watatu
Wakuu nimepata moja la mtumba, tabaka mbili, la watu sita, fito alumini, kila kitu kama mlivyosema. Ila kava kwa ndani linanata ukiligusa na lina harufu kama ya soksi chafu hivi. Muuzaji anasema ni vumbi na jasho, likifuliwa linaisha. Nichukue?

fundi_turubai
Usichukue. Huko kunata ni ule mpako wa kuzuia maji umeshaanza kuoza, limehifadhiwa na unyevu au stoo ya joto muda mrefu, na harufu ndo hiyohiyo. Ukilifua utautoa mpako wote na utabaki na kitambaa kitupu. Mshono unaweza kupaka gundi yake ukapona, zipu inayoachia unaweza kubana kile kichwa chake na koleo kidogo kidogo kila upande ikashika tena, ila mpako ukishafika hapo kuurudisha kwenye kava zima haina maana.

Likipatikana lingine mwambie muuzaji alisimamishe lote, uingie ndani mchana wa jua, mfungie zipu zote, kaa humo uangalie juu. Kila kitobo utakiona kinapitisha mwanga. Pitisha kidole kwenye utepe wa mishono yote, ukikuta unabanduka kama gamba mpunguzie bei au ondoka. Halafu fungua na kufunga kila zipu mwenyewe, mara kadhaa, kona kwa kona, kwenye kona ndo zinapokwama.

Baba Watatu
Sawa mkuu, hili naliacha. Kuna jingine nitaenda kuliona Jumamosi, nikishalikagua naleta picha za mishono hapahapa.