Bosi kaniuliza bibi yangu anakufa mara ngapi

Wakuu nimeoga mara mbili hasira haijatoka. Yule mtu wa godauni la Vingunguti, mnamjua, tai inafika magotini, leo kanivua nguo mbele ya wapakiaji wote. Bibi mzaa mama kafariki Songea usiku wa kuamkia leo, asubuhi naingia na fomu ya ruhusa yeye ana sambusa mdomoni, hata hajameza, ananiuliza "huyu bibi ni yule yule wa mwaka jana?" Wa mwaka jana alikuwa mzaa baba!! Mtu ana bibi wawili, hiyo nayo inataka degrii?

Halafu akacheka. Nyama ikamtoka ikatua kwenye fomu, palepale palipoandikwa "uhusiano na marehemu". Akasaini siku 2. Dar Songea basi siku nzima, yaani nikifika natupa udongo kaburini nageuza na basi lile lile.

Na juzi huyu huyu kaitisha kikao eti kwa nini watu hawakai. Tangu Januari wameondoka watunza stoo 4, mhasibu, na paka kahamia gereji ya jirani. Sambusa jamani. Msiba wangu na sambusa.

Kibarua Mstaafu: Pole mkuu. Sambusa ya nyama au ya viazi?

Mleta uzi: Nimeandika NYAMA. Soma uzi.

Mwanasheria wa Kijiweni: Sheria ya Ajira ya 2004 inakupa siku 4 zenye malipo, bibi yumo. Nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Mama Watatu: Aende CMA kodi utamlipia wewe?

Dogo wa Buza: Samahani mkuu, mwaka juzi si ulifungua uzi mwingine wa msiba wa bibi?

Mleta uzi: Yule alikuwa mama mkubwa wa mama! Kwetu naye ni bibi!

Dogo wa Buza: 😂😂😂 bosi aongezewe sambusa

Kibarua Mstaafu: Mabibi wa Songea wanapita kwa zamu

Mama Watatu: Wenu anakula sambusa, wetu anakula NSSF, michango yetu ya uzeeni. Kwenye mshahara anakata kila mwezi, nimecheki kwenye simu, mchango wa mwisho 2023.

Fundi Taa: Afadhali nyie mnakatwa. Sisi mshahara wa Machi tumelipwa kwa mafungu kama mkopo wa kochi.

Dogo wa Buza: Dada hiyo ya kucheki NSSF unafanyaje? Mimi najaribu hapa naambiwa namba haipo.

Mama Watatu: Haipo?? Una muda gani kazini?

Dogo wa Buza: Miaka 5

Mama Watatu: Kaa chini kwanza mdogo wangu