Naomba ushauri: tezi za shingoni zitolewe zote?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ami yangu wa Kisauni, miaka 61, ana saratani ya ulimi, uvimbe wa sentimita 2. Ametafuna tambuu kwa tumbaku tangu ujanani. Picha ya CT haikuonyesha tezi iliyovimba, lakini daktari ataka kutoa na tezi za limfu za shingoni, kwa kuwa saratani hii ikisambaa hupitia humo kwanza. Kinachonitatiza, humo ndimo seli za kinga hufunzwa kuitambua saratani yenyewe. Nilimuuliza, akajibu kwa mkato, foleni ilikuwa ndefu.

Je, kuna mgonjwa aliyepimwa kwanza ile tezi ya kwanza inayopokea maji ya limfu kutoka kwenye uvimbe, kabla ya kutolewa zote? Na waliotolewa, bega likidhoofika kwa upasuaji huo wa shingo, lilirudi sawa? Upasuaji ni Jumatatu.