Eti "moto ni moto, kwani una kabila?" Yule wa manunuzi leo kanivua nguo mbele ya watu

Mchomoa Pini (mleta uzi)

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Makosa ya herufi mnisamehe, au msinisamehe, leo sijali.

Mnamjua. Simtaji, maana humu anapita usiku anasoma kimya kimya. Yule mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko milango ya jengo. Yule ukimwomba kalamu anakuuliza ya mwaka juzi iliishaje. Huyo huyo.

Leo kwenye kikao, mbele ya wakuu wa idara wote, nimesimama na karatasi yangu ya mitungi ya kuzimia moto. Nimeihangaikia karatasi ile, nimepita chumba kwa chumba. Chumba cha seva, mtungi wa CO2, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi. Stoo ya rangi na petroli, povu. Ofisi za makaratasi, maji au povu. Jiko la kantini, lile lenye karai la mafuta, ule mtungi maalumu wa moto wa mafuta ya kupikia. Sijafika hata mstari wa pili, bwana mkubwa kanyanyuka, kaenda kwenye kona, karudi kakumbatia mtungi wa poda, kaubwaga mezani pwaa, kalamu zikaruka, halafu kwa sauti ya mhubiri:

"Moto ni moto. Kwani una kabila?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. KIZIMA. Mpaka kijana wa mapokezi niliyemfundisha mimi mwenyewe kuchomoa pini. Mpaka mkurugenzi, mtu ambaye meno yake tulikuwa tunayasikia tu.

Kwani una kabila! Ndiyo bwana, unalo! Moto wa karatasi na mbao ni A. Wa petroli na rangi ni B. Wa gesi ni C. Wa metali ni D. Wa mafuta ya kupikia umepewa herufi yake peke yake kwa sababu una kiburi kuliko yote. Mwaga maji kwenye karai la mafuta linalowaka uone. Maji yanazama chini, yanageuka mvuke ghafla, na mvuke unataka nafasi mara 1,700 ya maji yale, basi mafuta yote yanapaa hewani huku yanawaka. Nyusi zako utazitafuta darini. Lakini yeye: "kwani una kabila?"

Na kununua kwenyewe alishanunua! Hapo ndipo ninapokufa. Kikao kilikuwa cha kunichekea tu, mzigo ulishashushwa. Poda tupu. Poda mapokezi, poda stoo, poda jikoni, poda chumba cha seva. Nahisi na choo kimepata mgao. Yote ya kilo 9, na hizo kilo 9 ni poda peke yake, chuma hujaweka. Mimi na kimo changu hiki nikijaribu kuubeba, moto utanisubiri kwa heshima.

Kulikuwa na mtungi mmoja wa CO2, muuzaji aliuleta kama sampuli. Kaurudisha. Sababu? "Hauna saa." Geji, kile kipimo cha presha, anaiita saa! Kanisogezea usoni, kanionyesha kwa kidole pale shingoni: pini ipo, lakiri ya plastiki ipo haijakatwa, domo jeusi pana lipo. "Saa iko wapi? Tunauziwa bomu." Wakuu, mtungi wa CO2 kwa kawaida hauna geji! Unapimwa kwa mizani. Uzito umegongwa kwenye chuma chenyewe, gesi ikipungua asilimia 10 unapelekwa kujazwa. Nikafungua mdomo niseme hayo. Akanikata: "Moto ni moto." Wakacheka tena. Mara ya pili! Kichekesho kile kile!

Msinipe ushauri. Nataka matusi.

Kaa la Moto

Nimecheka mpaka nimeamsha nyumba nzima. "Kwani una kabila" naichukua, naiweka kwenye wasifu wangu sasa hivi.

Mzee wa Stoo

Mleta uzi punguza jazba. Poda ya ABC inazima A, inazima B, inazima C, na penye umeme inafanya kazi. Mtu wa watu kanunua kitu kimoja kinachozima karibu kila kitu, wewe unalia. Ningekuwa kwenye hicho kikao na mimi ningecheka.

Mchomoa Pini

Mkuu, wewe ndiye yeye? Maana mwandiko naufahamu.

Poda inazima, nani kakataa? Ipulize kwenye chumba kisicho na dirisha halafu uniambie mlango uko wapi. Ukungu mweupe, koo limekauka, unapapasa ukuta. Na ikiingia kwenye seva haitoki. Inavuta unyevu, inaanza kula shaba taratibu. Moto umeunguza waya mmoja, poda inamalizia kabati zima. Kwenye mafuta ya kupikia ndiyo usiseme: poda haipoozi, moto unalala kidogo, ukigeuza mgongo unaamka. Haya yote yalikuwa kwenye karatasi. Sikufika mstari wa pili. KWANI UNA KABILA.

Mzee wa Stoo

Mimi siye. Ila na hiyo CO2 yako unayoipigia debe, gesi inatoka na baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, ukishika domo lake vibaya kiganja kinabaki pale. Na chumba kidogo ukikijaza gesi ile, anayekosa hewa wa kwanza ni wewe. Hilo hukulisema.

Mchomoa Pini

Lilikuwa mstari wa tatu!!! "Mafunzo kwa wafanyakazi: shika mpini, usishike domo, ukishapuliza toka nje." Mstari wa TATU, mkuu! Mimi nimeishia wa kwanza nikabwagiwa chuma mezani!

Sijasoma

Uzi mrefu. Nani kaungua?

Kaa la Moto

Hajaungua mtu. Kachekwa.

Sijasoma

Aah. Pole.

Fundi Mitungi

Mimi hii mitungi ndiyo kazi yangu, najaza, nakagua, natundika. Yule jamaa yako yupo kila ofisi ninayoingia, sijui wanazaliwa wapi. Wa kwangu alinipigia simu kulalamika eti mistari ya rangi kwenye mitungi haifanani, anataka yote iwe myeusi ilingane na fanicha. Nikamwambia mzee, mweusi ni CO2, bluu ni poda, krimu ni povu, njano ni ule wa mafuta ya kupikia, watu wanatambua kwa rangi hiyo. Akanijibu, "Basi paka."

Halafu mleta uzi, hata wewe karatasi yako imekaa vizuri ila sijaona namba. Kwenye lebo tafuta namba, achana na kilo. Ukiona 21A, ujue mtungi wa aina ile ulizima rundo la mbao la majaribio lenye urefu wa mita 2.1. Ukiona 113B, ni sinia la majaribio la lita 113, mafuta juu na maji chini. Wa kilo 6 wenye namba nzuri unaweza kuupiga bao wa kilo 9 wenye namba dhaifu, na binti mfupi anaubeba. Vyovyote vile, ukibana mpini mtungi unaisha ndani ya nusu dakika, basi usianze kupuliza ukiwa mlangoni. Lenga chini, kwenye shina la moto, siyo kwenye ndimi. Lakini watu wa manunuzi wananunua kwa kilo kama misumari.

Mchomoa Pini

Fundi asante, ila mimi siyo binti. Ni mfupi tu.

Kaa la Moto

Hahahaha leo hupati nafuu popote.

Profesa wa Jioni

Rekebisho dogo kwa mleta uzi. C ni umeme. Siyo gesi.

Mjomba wa Ng'ambo

C ni gesi.

Profesa wa Jioni

Nina mtungi mbele yangu hapa. C, na pembeni kuna picha ya plagi. Kubisha na mtungi?

Mjomba wa Ng'ambo

Huo umetengenezwa kwa utaratibu wa Marekani. Kule C ni umeme, na mafuta ya kupikia ni K. Ulaya C ni gesi, mafuta ya kupikia ni F, na umeme hauna herufi kabisa, kwa sababu ukikata swichi kinachobaki kuungua ni plastiki na mbao tu, yaani A.

Profesa wa Jioni

Kwa hiyo kumbe na herufi zina kabila?

Kaa la Moto

Nimekufa. Mnizike.

Fundi Mitungi

Nyie kateni umeme kwanza, ndiyo mgombane.

Binti Kaunta

Mnalilia poda, kwetu mtungi wenyewe hauonekani. Umewekwa nyuma ya ua la plastiki pale mapokezi, maana eti "unaharibu mandhari." Siku ya ukaguzi ua likasogezwa, mkaguzi akatazama, akaandika, akashukuru. Hajafika kwenye lifti, ua limerudi.

Mlinzi wa Zamu

Afadhali wewe una ua. Kwetu mlango wa dharura una kufuli. Funguo anayo meneja. Meneja yuko likizo. Nimeuliza moto ukitokea tufanyeje, nikaambiwa tumpigie.

Asiyelala

Kwetu kadi za ukaguzi zimeshasainiwa mpaka mwisho wa mwaka ujao. Mwezi kwa mwezi, kalamu moja, mwandiko mmoja. "Upo salama, upo salama, upo salama." Mtungi mmoja umesainiwa na haupo, imebaki misumari ukutani na kadi inaning'inia.

Fundi Mitungi

Asiyelala, hiyo iliyobaki kama ni ya poda, ugeuze kichwa chini, usikilizie. Poda ikishuka utaisikia kwa mkono. Ukiona kimya, imeganda humo ndani, na geji itaendelea kukaa kwenye kijani ikikudanganya.

Asiyelala

Nimegeuza. Kimya.

Mchomoa Pini

Samahani, tunaweza kurudi kwenye mada? Nimepita korido sasa hivi. Ule mtungi wa jikoni, UKO KWENYE MLANGO. Kauegesha ili mlango usijifunge. Na mlango wenyewe ni ule mzito wa kuzuia moto usisambae! Yaani kachukua kitu cha kuzimia moto akazuia nacho kitu cha kuzuia moto! Huyu ndiye kaniuliza mimi kama moto una kabila!

Sijasoma

Kumbe unatumika.

Binti Kaunta

Kwetu wanatundikia makoti.

Mzee wa Stoo

Huo mlango ni mzito kweli, lakini. Na mimi naegesha.

Mchomoa Pini

NDIYE YEYE. Nilisema! Wakuu mmeona!

Mzee wa Stoo

Siye. Kila ofisi ina mlango mzito.

Mlinzi wa Zamu

Sijamaliza kuhusu meneja wetu. Kuna ile sehemu ya kukusanyika wakati wa dharura, ina kibao cha kijani kikubwa. Ndipo anapopaki. Siku ya mazoezi kengele ikalia, tukatoka wote, tukasimama kulizunguka gari lake. Akatokeza kichwa dirishani akatufokea tusiegemee.

Mzee wa Stoo

Kwani nyie mna kengele? Yetu ilikuwa inalia lia kuashiria betri inaisha. Badala ya kununua mpya, ikachomolewa. Ile betri nyingine ya akiba ikaenda kwenye saa ya ukutani, na zile ndogo zikaenda kwenye rimoti ya kiyoyozi.

Asiyelala

Mkuu umetaja kiyoyozi umenitonesha. Kuna mtu hapa kwetu, mnamjua, anaweka nyuzi 16 asubuhi mpaka jioni. Mimi nachapa kazi nimevaa soksi mikononi. Ukimwambia apandishe anasema yeye ana damu ya moto.

Kaa la Moto

Damu ya moto, daraja gani hilo? A au B?

Profesa wa Jioni

16 ndiyo sahihi. Mashine zinapenda baridi.

Mjomba wa Ng'ambo

Mashine zipi Profesa, wewe si uko masijala?

Profesa wa Jioni

Mafaili nayo yanapenda baridi.

Mchomoa Pini

Jamani. Kabila.

Kaa la Moto

Mleta uzi umeshajibiwa huko juu, usitukatishe. Enhe Asiyelala, rimoti anaificha wapi?

Asiyelala

Kwenye droo, anafunga kwa ufunguo. Juzi kaenda safari ya kikazi kaondoka nayo. Tumekaa na nyuzi 16 mpaka karudi.

Binti Kaunta

KASAFIRI na rimoti???

Mlinzi wa Zamu

Huyo anastahili uzi wake. Fungua sasa hivi, tunahamia huko.