Naandika historia ya michezo na drama ya shule yetu ya wasichana, majina ya wachezaji hayako popote. Nianzie wapi?

mama_pacha_ksm
Habarini wapendwa. Naomba ushauri kwa yeyote amewahi kufanya kazi kama hii. Nilisoma shule ya wasichana upande wa Kakamega, nikamaliza fomu foo 1994, siku hizi niko Kisumu. Mwaka huu shule imepokea gredi ya 10 ya mtaala mpya na inataka kuvutia wasichana wa ile njia ya masomo ya sanaa na michezo, wazazi wakaanza kuuliza kama shule ina historia kwa hayo mambo, bodi ikatuambia sisi wanafunzi wa zamani tuiandike. Nikachaguliwa mimi juu nilicheza voliboli na nikaimba kwaya.

Nilienda nikijua nitapata mafaili. Kumbe storo ilivuja miaka mingi na mchwa wakamaliza madaftari ya gemu, kilichobaki ni kabati ya trofi na bahasha mbili za picha. Nimesoma kila trofi moja moja. Zinasema jina la shule, mwaka na nafasi. Jina la msichana hakuna hata moja! Zile za drama na muziki ziko na vyeti, na cheti kina jina la mwalimu aliyetunga na aliyefunza, lakini wasichana waliosimama jukwaani hawako. Sisi tuliamka saa kumi na moja tukakimbia kwa umande, tukalala kwa sakafu za madarasa ya watu tukienda mashindano ya mkoa, na leo nikiuliza nani alikuwa kepteni 1981 hakuna mtu anajua. Imeniuma sana.

Halafu hao kina mama nitawapata aje? Kwa rejista wako na majina ya baba zao, wengi waliolewa wakabadilisha, wengine tunajua tu jina la utani la uwanjani. Na wenzangu kwa kamati wanataka tuandike ushindi peke yake. Kuna miaka hatukuwa na timu kabisa, tuliambiwa mechi zinaharibu masomo, mimi naona hiyo pia iandikwe. Mnisaidie.

ticha_mstaafu
Binti yangu, usikate tamaa. Nilifunza gemu na muziki shule za Western miaka 28. Kwanza hiyo kabati isikudanganye, trofi kubwa nyingi zilikuwa za kuzunguka, mnakaa nayo mwaka mmoja halafu mnairudisha kwa wengine washindanie. Kwa hivyo kuna ushindi mlipata na hauko hapo kabatini. Mashindano ya muziki yako nchini tangu 1927 na ya drama tangu 1959, kama shule yenu ni ya zamani usianze kuhesabu na mwaka wa trofi ya kwanza unayoiona.

Picha ambazo hazina tarehe ziangalie pole pole. Kama kuna basi au lori nyuma ya wasichana soma namba, ikiwa haina herufi mwisho hilo gari lilisajiliwa kabla ya 1989, hapo ndio namba za KAA zenye herufi mwisho zilianza. Ukipata karatasi ya pointi za voliboli na seti imeisha 15 kwa 9 hiyo ni ya zamani, zikianza kuisha 25 jua tumefika mwisho wa miaka ya tisini ama baadaye (seti ya tano usiitumie, hiyo ni 15 mpaka leo). Ukiona mmoja amevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake huyo ni libero, yule mchezaji wa nyuma wa kulinda tu, na libero alikuja kwa sheria 1998. Kwa kawaida pia term ya kwanza ilikuwa hoki, basketiboli na hendiboli, ya pili voliboli na netiboli, fainali za drama Aprili na za muziki Agosti. Ukiunganisha hizo unaweza kukaribia mwaka kabisa. Na trofi msizisugue na brasso kila wiki, maandishi yanaisha.

nerima_w
Dada mimi nitakuambia kitu moja ya majina. Tafuta vile vitabu vidogo vya matanga. Huku kwetu mama akifariki historia yake inaandikwa pale, jina la kuzaliwa, la ndoa, shule alisoma, na mara nyingi wanasema alikuwa akicheza netiboli ama aliimba kwaya. Watu huviweka ndani ya Biblia miaka na miaka. Pitia vikundi vya kina mama makanisani, Mothers' Union kwa Waanglikana, kwa Waquaker hivyo hivyo, wale wazee wa kikundi wanajua nani alisoma wapi. Na hiyo rejista yenye jina la baba ndio dhahabu yako, kwa sababu mara nyingi inaonyesha na lokesheni. Enda kwa hiyo boma uulize binti yao aliolewa wapi, utaelekezwa mpaka mlangoni.

odhis_jnr
Nakuheshimu mama pacha lakini hapa nakubaliana na kamati. Mzazi anataka kuona ushindi. Shule za Mukumu, Lugulu, Malava, watu wanazijua kwa voliboli kwa sababu zilishinda, Butere wanaijua kwa drama. Hakuna mtu anapeleka msichana shule juu ya miaka haikuwa na timu.

mama_pacha_ksm
Ndugu yangu nakuelewa, lakini mimi sitaki karatasi ya kuuza shule. Msichana wa gredi ya 10 akisoma kwamba timu ilivunjwa halafu wasichana wakaanza kucheza wenyewe jioni na mpira wa makaratasi mpaka mwalimu mpya akawasikia, hiyo itamsaidia kuliko orodha ya trofi. Timu yangu ya 1993 ilitoka hapo.

shangazi_nax
Tulifanya hii kazi huku Nakuru. Kumbukumbu za Taifa wako na ofisi Kakamega na Kisumu, uliza ripoti za zamani za elimu za wilaya na mkoa. Magazeti ya zamani yako maktaba ya McMillan Nairobi, kuna siku waliandika kikosi chote na majina. Picha zilizogandana na albamu USIZIBANDUE, toa albamu nje kwa kivuli, piga na simu bila flashi. Nyuma ya picha andika na penseli, kalamu inapenya. Na picha za wasichana wa sasa mpate ruhusa ya mzazi, kuna sheria ya data ya 2019.

isukha_dada
Nimesoma huu uzi nikalia. Mimi nilicheza isukuti ya shule, ile ngoma ya jadi ya Waisukha na Waidakho, miaka ya themanini. Kwetu ngoma wanapiga wanaume, wanawake wanaimba na kucheza, lakini shule ya wasichana utatoa wapi mwanaume, basi ikabidi tupige sisi. Mzee wa kwanza tuliyemwendea alikataa katakata. Wa pili alikubali lakini akasema tusifanyie uwanjani, akatufundisha jioni nyuma ya jikoni ya shule, ngoma kubwa, ya kati na ndogo, mpaka viganja vikapasuka. Siku ya mashindano watu walinyamaza kwanza halafu wakasimama wote. 2014 UNESCO ikaweka isukuti kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka na nikajiuliza, sisi watatu tulioshika zile ngoma nani alituandika? Ukiwauliza kina mama usianze na "mlishinda nini", watasema wamesahau. Uliza walivaa nini, walisafiri na nini, nani alishona nguo, wimbo gani waliimba kwa lori. Mama ataanza kuimba kabla hujamaliza swali, na akiimba anakumbuka aliyekuwa kando yake.

mama_pacha_ksm
Wapendwa narudi baada ya wiki mbili. Nilichukua ile picha ya netiboli yenye lori nyuma, namba haina herufi mwisho. Rejista ikanipeleka boma moja karibu na Shinyalu, mama mwenyewe yuko, ana mjukuu chuo. Nilimuuliza walivaa nini tu. Ameniimbia nyimbo mbili na kunipa majina sita kati ya saba, ya kuzaliwa na ya ndoa, wawili wameshatangulia mbele za haki na kitabu cha matanga cha mmoja alikuwa nacho kwa Biblia. Wa pili kutoka kushoto ndio hamkumbuki, anajua tu walimwita Stima na alitoka upande wa Malava. Jumamosi naenda huko na picha. Kama mama yako ama shangazi yako aliitwa Stima uwanjani, tafadhali niandikie.