Naomba ushauri: springi na kichwa cha gramafoni ya nyanya nitapata wapi hapa Mombasa?

Mjukuu_Kibokoni:
Asalaam aleikum wapenzi wa santuri. Naomba mnisikize mpaka mwisho manake nimeshazunguka mno. Nyanya yangu ana gramafoni ya kupiga kwa mkono, ile ya sanduku jeusi unaifunga unaibeba kama mkoba, ya kampuni ya HMV, modeli 102. Aliachiwa na marehemu babu na sisi sote tumekua tukiiona juu ya kabati lakini haijalia tangu niko skuli ya msingi. Mwezi uliopita nikaishusha, nikapangusa vumbi, nikatia hendeli nikazungusha, ikawa yashika vizuri tu, mara nikasikia KO! ndani ya sanduku na tangu hapo hendeli yazunguka bure haishiki kitu. Nyanya alikuwa amekaa hapo karibu na kahawa yake akaniambia basi mwanangu, iache. Hiyo "iache" yake ndo imenikosesha raha mpaka leo.

Halafu kichwa, ile duara inayoshika sindano, kile kimpira cha nyuma kimekauka kimekuwa kama jiwe, ukikigusa chamenyeka, na kichwa chenyewe chachezacheza.

Nimeenda kwa fundi wa redio Mwembe Tayari akasema ataitoa mashini yote atie mota ya feni. Mwengine Kongowea akasema ataichomea springi kwa welding. Na kuna muuzaji wa vitu vya kale ana gramafoni ya tarumbeta kubwa ya shaba ina picha ya yule mbwa wa HMV, yuko tayari kuniuzia kichwa chake peke yake, bei yake kali kidogo. Ninunue? Nyanya ana santuri kumi na moja na mojawapo ni ya Siti binti Saad, ningependa sana aisikie tena akiwa hai.

FundiSaa_Mstaafu:
Waaleikum salaam mjukuu. Kwanza kabisa mota ya feni KATAA. Mimi nimetengeneza saa miaka mingi na hizi gramafoni kadhaa zimepita mikononi mwangu, mashini ya 102 ni imara, ikioshwa ikatiwa grisi yaenda miaka mingine mingi, wewe uitoe uiweke mota ya feni kwa nini? Na welding pia kataa, springi ni chuma kilichokazwa kwa moto, ukiichomea katikati pale panapoungwa pataharibika na itakatika tena hapohapo pembeni.

Hiyo KO uliyosikia ni springi imekatika, lakini usikate tamaa. Springi hizi aghalabu hukatika kwenye ncha, ama ile ya kati inayoshika ekseli ama ile ya nje inayoshika kopo, lile linalobeba springi ndani yake. Ikiwa ni ncha, haitaki kununua mpya. Unapasha ncha peke yake, kama urefu wa vidole viwili vitatu, mpaka iwe nyekundu halafu unaiacha ipoe polepole YENYEWE, usitie maji hata tone. Ikipoa itakuwa laini, utaweza kutoboa tundu jipya na kulipiga tupa lifanane na lile la zamani. Ikiwa ni ya kati basi uikunje pia ikumbatie ekseli. Unapoteza sentimita chache tu za springi, pengine santuri itapiga mzunguko mmoja mdogo pungufu, hutajua hata.

Sasa sikiliza hili vizuri. Usifungue kopo mwenyewe kama hujawahi. Hata springi iliyokatika huwa bado imejibana mle ndani na ikiruka ni wembe, nimemuona mtu imemchana kiganja mpaka akashonwa. Glavu za ngozi, gunia au taulo nzito juu, uanze kutoa kutoka kati, mkunjo mmoja baada ya mwengine huku mkono wa pili umekandamiza. Haraka hapana.

BintTudor:
Kaka huyo muuzaji usinunue kwake kichwa tafadhali!! Yale matarumbeta ya shaba mapya yanayong'aa mengi huundwa India siku hizi kwa ajili ya watalii, mashini ya ndani yatolewa kwa gramafoni chakavu, ikavishwa sanduku jipya na kibandiko cha mbwa. Vichwa vyake ndo balaa, vimeundwa kwa kukisia, vizito, vinakwaruza santuri. Mimi nilidanganyika hivyo hivyo nikaharibu santuri mbili za babangu na hadi leo naumia nikiziona, ile mistari imekuwa myeupe.

Kichwa cha 102 cha asili utakuta mara nyingi kimeandikwa 5A au 5B, ndani kina kibati chembamba cha alumini. Cha kaka yake wa zamani 101 ni namba 4, hicho kina maika, ile kama kioo. Chako kikiwa kizima hakuna haja ya kununua kingine, tatizo ni mipira tu. Vile vijipira vya pete vinavyobana kile kibati vikikauka sauti yapiga makelele, watu wanaviweka upya kwa mrija mwembamba wa silikoni. Ila kikiwa mgongo wake ni ule mchanganyiko wa zinki, angalia kwa torchi kama una nyufa, ile chuma huvimba ikapasuka na haichomeleki.

Shanga_wa_Lamu:
Ngoja nikae hapa, ya kwetu pia imekufa hivyohivyo.

Pwani78:
Niongeze kuhusu kuagiza, ikiwa springi imekatikia katikati. Pima vitu vitatu: upana, unene na urefu, na piga picha za ncha zote mbili, manake kuna za tundu na kuna za kulabu. Unene upime kwa kaliperi, usikadirie kwa macho, kosa dogo tu la unene yakuja springi isiyoingia koponi au isiyo na nguvu. Halafu taja 102. Maduka ya Uingereza ya vipuri vya gramafoni huziuza mpya, na mipira ya nyuma ya kichwa, na sindano. Kama una mtu Mumbai, Chor Bazaar kuna vipuri vya zamani vya kweli, HMV walikuwa na kiwanda chao Dum Dum kule Calcutta kwa hivyo mashini zimejaa India, ila vya kweli na vya watalii vimekaa meza moja kwa hivyo mtu wako awe anajua. Uliza ushuru mapema kabla paseli haijafika.

Na sindano jamani, santuri moja upande mmoja sindano moja, unatupa. Ile ya chuma hulika na santuri, hivyo ndivyo ilivyoundwa, ukirudia ile iliyolika ndo yachimba. Usitumie zile za nyanya zilizoota kutu kwenye kibati. Na zile santuri ndogo za 45 za miaka ya 60 na 70 usiziweke humo kabisa, ni laini, zitaisha mara moja.

Mjukuu_Kibokoni:
Shukran sana, Mungu awalipe. Nimempelekea fundi wa saa hapa mjini, mzee mtaratibu, tukafungua kopo pamoja nimevaa glavu za jikoni mbili mbili na yeye za ngozi. Ami FundiSaa ulisema kweli, imekatikia ncha ya kati! Grisi ya ndani ilikuwa imeganda nyeusi kama halua, tumeosha kwa mafuta ya taa, tundu jipya limetobolewa, tumetia grisi ya grafaiti. Inazunguka. Ila naona kama yaenda mbio, nitajuaje?

FundiSaa_Mstaafu:
Alhamdulillah. Mle ndani mna spidi gavana, kama ya matatu kabisa, vizito vitatu vya madini ya risasi juu ya vibati vinavyopanuka ikikimbia. Tia tone moja la mafuta pale kwenye kipande cha ngozi inapogusa. Kisha bandika karatasi ndogo kwenye santuri, iache icheze, uhesabu kwa nusu dakika: iwe mizunguko 39. Ukitaka uhakika zaidi chora duara lenye mistari 77 iliyolingana, liweke juu ya santuri chini ya taa ya tyubu ya zamani, umeme wetu ni hetsi 50, mistari ikionekana imesimama basi uko kwenye mizunguko 78 kwa dakika, ndiyo mbio sawa. Taa nyingi za LED hazikuonyeshi. Rekebisha mbio wakati santuri yapiga, sindano imelala juu, maana ule uzito wapunguza mbio.

BintTudor:
Na hiyo ya Siti usiianze nayo, anza na isiyo na thamani kwako. Siti na wenzake walipelekwa hadi Bombay 1928 kurekodiwa na HMV, santuri hizo ni chache na zavunjika kama sahani. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo ya vyombo, kibandiko kisilowe, ukaushe papo hapo. Spiriti HAPANA, inayeyusha ile laki iliyoundia santuri.

Mjukuu_Kibokoni:
Nimehesabu, ilikuwa 43, sasa iko 39. Kichwa bado, mipira nimeagiza Uingereza, hakikuwa na ufa wowote nimekiangalia kwa torchi mara tatu. Nyanya hajasema kitu lakini jana nimemkuta amezitoa zote kumi na moja kwenye sanduku la nguo, amezipanga kitandani juu ya leso, azipangusa mojamoja kwa kitambaa cha pamba. Chupa ya spiriti iliyokuwa dirishani nimeiondoa.