Mshipi unajisokota na kufanya tata kwenye rili: kosa liko wapi?

Mvuvi wa Raskazone
Wanajukwaa, assalaam alaykum. Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni hapa Tanga, na mshipi niliokuwa nikiukunja kwenye kibao haukuwahi kunipa taabu. Miezi mitatu iliyopita nilinunua fimbo na rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, ile ambayo bobini yake imetulia na waya ndio unaoizunguka na kuukunja mshipi, nikaijaza nailoni ya milimita 0.40 mpaka ukingoni. Mwanzoni nilirusha vizuri. Sasa, kila nikirusha mara nne au tano, vitanzi kadhaa hutoka kwa pamoja na kukwama kwenye pete ya kwanza ya fimbo, mshipi ukakatika na chubwi, ile risasi ya kuuzamisha mshipi, ikapotelea baharini. Wiki iliyopita kolekole alivuta kwa nguvu, nami nikawa nazungusha mkono wa rili bila kupumzika huku breki ikilia. Samaki nilimpata, lakini tangu siku hiyo mshipi ukilegea kidogo tu hujipota wenyewe kama kamba ya katani iliyosokotwa kupita kiasi. Naomba kujua kama kosa ni la rili, la mshipi au la mkono wangu, na namna ya kulifungua tata bila kuukata mshipi wote.

Nahodha Mstaafu
Ndugu yangu, sababu kubwa umeitaja mwenyewe ulipomsimulia huyo kolekole. Katika rili ya namna hiyo, kila waya unapoizunguka bobini mara moja, mshipi hupata msokoto mmoja, na msokoto huo hufunguka unaporusha, kwa kuwa mshipi hutoka ukipitia ukingo uleule. Breki inapolia, bobini ndiyo inayozunguka na kuutoa mshipi, kwa hiyo misokoto unayoiongeza kwa kuzungusha mkono haina pa kutokea. Rili nyingi huuzungusha waya mara tano hivi kwa kila mzunguko mmoja wa mkono, na hivyo mizunguko kumi tu ya bure huuongezea mshipi misokoto hamsini. Samaki akivuta, mwache avute. Akitulia, inua fimbo taratibu, kisha zungusha huku ukiishusha.

Mshipi uliokwisha kusokoteka hunyooka ukipata maji ya kutosha. Panda ngalawa, ondoa ndoana, chubwi na kila kilichofungwa mwishoni, kisha achia mita themanini hivi zikokotwe nyuma kwa dakika kadhaa mahali pasipo na matumbawe wala mwani. Ncha iliyo huru itazunguka yenyewe na kuitoa misokoto. Unapouvuta, ubane kwa vidole viwili ili ulale kwenye bobini ukiwa umekazwa.

Dada wa Likoni
Shikamoo Nahodha. Nakubaliana nawe kuhusu msokoto, ila nadhani bobini iliyojazwa mpaka ukingoni nayo ina sehemu yake, kwa sababu hapo mikunjo ya juu haina kitu cha kuizuia na humwagika kwa pamoja. Mimi huacha milimita mbili au tatu. Vilevile, upepo wa kusi ukivuma kutoka ubavuni, mshipi hubaki hewani ukiwa umelegea, na ukianza kuzungusha bila kuukaza unazika kitanzi kitakachokusumbua utakaporusha tena. Chubwi ikishagusa maji, rudisha kwa mkono waya ulioufungua ili urushe, vuta mshipi kidogo mpaka uhisi umekaza, ndipo uzungushe.

Kuhusu kulifungua tata, jambo la kwanza ni kutovuta ncha, kwa sababu tata nyingi huwa ni vitanzi vilivyopandana tu, na ni kule kuvuta kunakovigeuza kuwa mafundo. Legeza breki, kaa mahali pasipo na upepo, kisha tafuta kitanzi kilicholala juu ya vingine na ukiinue kwa kijiti cha kiberiti. Endelea kulitanua tata badala ya kulikaza, hata likikufikia upana wa sahani. Nailoni ikiwa imekwaruzika au imegeuka nyeupe, kata sehemu hiyo bila kuihurumia, kwani ndipo itakapokatikia. Nakuomba pia usikitupe kipande hicho majini, kwa sababu kasa hunasa humo na nailoni haiozi upesi. Mimi hurudi navyo nyumbani kwenye mfuko.

Kijana wa Kigamboni
Je, mshipi wa kusukwa ungemwondolea tatizo hili?

Nahodha Mstaafu
Hapana. Mshipi wa kusukwa ni laini na haushiki umbo la bobini kama nailoni, lakini nao husokoteka, na fundo lake likishakaza ni gumu zaidi kulifungua. Atengeneze kwanza namna ya kuzungusha.

Mvuvi wa Raskazone
Nawashukuru sana. Jana tuliukokota mshipi nyuma ya ngalawa ya mjomba, na ulipokuwa ukirudi niliuhisi vidoleni kwamba umetulia. Nimepunguza nailoni ikabaki chini ya ukingo kidogo, na leo alfajiri nimerusha zaidi ya mara thelathini. Tata imetokea mara moja, nilipopata pigo la samaki mara tu chubwi ilipotua nikaanza kuzungusha kabla ya kuukaza mshipi. Niliifungua kwa kijiti, na haikuhitaji kisu.